Ufundishaji wa Msamiati wa Awali wa Kiingereza Kuhusu Vichezeo kwa Watoto Wazungumzao Kiswahili kwa Njia ya Mtandao

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna msamiati wa awali wa Kiingereza unaohusu vichezeo unavyoweza kufundishwa kwa njia ya mtandao kwa watoto wa miaka minne hadi sita ambao lugha yao ya kila siku ni Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba skrini peke yake haimpi mtoto jina la kitu. Jina hukaa pale mtoto anapokuwa na kitu chenyewe mkononi na mtu mzima wa kumjibu kwa wakati. Kwa sababu hiyo, makala inapendekeza mambo matatu. Kwanza, orodha ya maneno itokane na vichezeo vilivyomo nyumbani kwa mtoto. Pili, mlezi afanywe mshiriki wa kipindi hata kama hajui Kiingereza. Tatu, upimaji uache kutegemea uwezo wa mtoto kurudia neno mbele ya simu. Mifano imetolewa katika muktadha wa Tanzania.

1.0 Utangulizi

Nchini Tanzania, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma mwaka 1967, ilhali Kiingereza kimeendelea kutumika katika elimu ya sekondari. Pengo hilo limewafanya wazazi wengi watafute njia ya kuwaanzishia watoto Kiingereza mapema. Wenye uwezo huwapeleka watoto katika shule zinazotumia Kiingereza tangu awali. Wengine hutegemea simu: video za nyimbo, programu za michezo na, kwa baadhi, vipindi vya moja kwa moja na mwalimu aliye mbali. Kufungwa kwa shule kuanzia Machi 2020 kutokana na janga la korona kuliongeza msukumo wa kujifunza kwa mbali, na matumizi hayo hayakukoma shule zilipofunguliwa.

Katika masomo ya namna hiyo, vichezeo ni miongoni mwa mada za mwanzo kabisa, pamoja na rangi, namba na wanyama. Sababu inaeleweka: kichezeo kinashikika, kinapendwa, na jina lake kwa kawaida ni fupi. Hata hivyo, urahisi huo una mtego. Mtoto anaweza kutamka majina kumi baada ya video, mzazi akafurahi, na kesho yake mtoto huyohuyo akaombwa alete "ball" asijue aombwalo. Mzazi aliyenunua kifurushi cha intaneti kwa ajili ya somo hilo atakuwa amelipia mwangwi. Jambo zito zaidi ni kwamba mtafiti anayepima somo hilo kwa kuhesabu maneno yaliyotamkwa ataandika kwamba somo limefaulu.

Makala hii inashughulikia tatizo hilo kwa kueleza, kwa mfuatano, namna mtoto anavyojifunza jina la kitu, tofauti ya njia za mtandao, uga wa maana wa vichezeo katika Kiswahili na Kiingereza, muundo wa kipindi unaofaa, na upimaji wake. Istilahi "vichezeo" imetumika kumaanisha vitu vyote ambavyo mtoto huchezea, viwe vimenunuliwa dukani au vimetengenezwa nyumbani.

2.0 Namna Mtoto Anavyojifunza Jina la Kitu

Kujifunza jina la kitu kuna hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Hatua ya kwanza ni kuunganisha sauti na kitu kwa haraka. Susan Carey na Elsa Bartlett, katika utafiti wao wa mwaka 1978, walionesha kwamba watoto wa miaka mitatu hadi minne wangeweza kudhani maana ya neno geni baada ya kulisikia mara chache sana. Watoto waliombwa kuleta sinia la rangi iliyoitwa kwa jina wasilolijua, wala si lile la buluu, nao wakalitambua sinia lililokusudiwa kwa kuliondoa lile walilolijua jina lake.

Hatua ya pili ni kulihifadhi neno. Hapa ndipo ugumu ulipo. Jessica Horst na Larissa Samuelson, mwaka 2008, walibaini kwamba watoto wa miaka miwili waliochagua kwa usahihi kitu chenye jina geni walishindwa kukumbuka jina hilo baada ya dakika tano tu. Kumbukumbu iliimarika pale mtu mzima alipokichukua kitu, akakionesha na kukitaja waziwazi. Matokeo hayo yana maana kubwa kwa somo la mtandaoni: jibu sahihi linalotolewa papo hapo linaweza kuwa hatua ya kwanza tu.

Aidha, mtoto hukabiliana na neno jipya akiwa na dhana zinazomwongoza. Ellen Markman na Gwyn Wachtel, mwaka 1988, walieleza mwelekeo wa watoto kudhani kwamba kitu kimoja kina jina moja. Mtoto anayejua kuwa kitu fulani ni "mpira" anaweza, kwa mwelekeo huo, kudhani kwamba neno "ball" linataja kitu kingine au sehemu ya mpira huo. Utafiti wa Krista Byers-Heinlein na Janet Werker wa mwaka 2009 ulionesha kwamba mwelekeo huu hulegea kwa watoto wachanga wanaokua na lugha zaidi ya moja. Hoja hiyo ina uzito nchini Tanzania, ambako mtoto wa Sukumaland, Upareni au Unyakyusa huenda tayari anaita kitu kimoja kwa jina la lugha ya jamii na kwa jina la Kiswahili. Kwake, jina la tatu si ajabu. Inatosha aambiwe wazi kwamba hilo ni jina la kitu kilekile kwa Kiingereza. Kwa hiyo, sharti la kutotumia Kiswahili kabisa katika kipindi cha watoto wadogo humnyima mtoto maelezo mafupi ambayo yangemwondolea utata.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni usikivu wa pamoja, yaani hali ya mtoto na mtu mzima kuangalia kitu kimoja kwa wakati mmoja huku kila mmoja akijua kwamba mwenzake anakiangalia. Mtoto akitazama kamba wakati mwalimu anataja ngoma, anaweza kuunganisha jina na kitu kisichohusika. Nyumbani, mama humfuata mtoto kwa macho na kutaja kile ambacho mtoto amekwisha kukishika. Mwalimu aliye nyuma ya skrini hana uwezo huo kwa ukamilifu, na upungufu huo ndio unaohitaji kuzibwa na muundo wa kipindi.

3.0 Njia Tatu za Mtandao na Tofauti Zake

Neno "mtandaoni" hutumika kwa mambo yanayotofautiana sana kiutendaji. Katika ufundishaji wa msamiati wa watoto, njia tatu zinapaswa kutenganishwa: video iliyorekodiwa, programu ya kugusa skrini, na mazungumzo ya video ya moja kwa moja.

Video iliyorekodiwa haijui kama mtoto yupo. Huendelea kusema "very good" hata mtoto akiwa amelala. Patricia Kuhl na wenzake, mwaka 2003, waliwasikilizisha watoto wa Marekani wa miezi tisa Kichina cha Mandarini katika vipindi 12. Waliokutana na msemaji ana kwa ana walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo, ilhali waliomwona kwenye video hawakujifunza. Vilevile, Judy DeLoache na wenzake, mwaka 2010, walichunguza watoto wa miezi 12 hadi 18 waliotazama video ya kufundishia maneno nyumbani kwa wiki nne. Watoto hao hawakuwazidi wale ambao hawakuitazama kabisa. Waliofanya vizuri zaidi walikuwa wale ambao wazazi wao walifundisha maneno yaleyale bila video.

Haitoshi, hata hivyo, kuhitimisha kwamba video haina faida. Tafiti hizo mbili zilihusu watoto wachanga. Kwa watoto wa umri wa elimu ya awali hali ni tofauti. Dina Borzekowski, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, aliwachunguza watoto wa Morogoro waliotazama katuni ya "Akili and Me", inayotengenezwa nchini Tanzania na shirika la Ubongo. Watoto hao waliwazidi wenzao waliotazama vipindi vingine katika stadi kadhaa, Kiingereza kikiwamo. Hivyo basi, umri ni kigezo kisichoweza kupuuzwa, na ndiyo maana makala hii inajikita katika watoto wa miaka minne hadi sita. Ubora wa video nao una nafasi yake. Video inayolirudia neno katika matukio tofauti na kunyamaza ili mtoto ajibu haiwezi kulinganishwa na ile inayopitisha picha 20 kwa dakika mbili.

Programu ya kugusa skrini hujibu, lakini hujibu kidole. Mtoto akigusa picha ya mwanasesere husikia "doll", na akigusa tena husikia tena. Hatari iliyopo ni kwamba mtoto anaweza kukariri mahali picha ilipo, au kugusa kila kitu mpaka sauti ya ushindi isikike. Kufaulu katika programu hakuthibitishi kwamba neno limeeleweka.

Mazungumzo ya video ndiyo yanayokaribia zaidi kukutana ana kwa ana. Sarah Roseberry, Kathy Hirsh-Pasek na Roberta Golinkoff, mwaka 2014, walionesha kwamba watoto wa miezi 24 hadi 30 walijifunza vitenzi vipya kupitia mazungumzo ya video sawa na walivyojifunza ana kwa ana, lakini hawakujifunza kwa video iliyorekodiwa. Tofauti iliyodhihirika ni majibu: mtu aliye kwenye mazungumzo hungoja, husikia na hujibu kile ambacho mtoto amefanya. Ikumbukwe kwamba katika utafiti huo mtoto mmoja alikuwa na mtu mzima mmoja. Kipindi chenye watoto 25 ambao vipaza sauti vyao vimezimwa kinaitwa cha moja kwa moja, lakini kwa mtoto aliyeketi sebuleni ni video kama video nyingine.

Kuna pia mipaka ya kifaa chenyewe. Kwenye skrini, mpira, gari na meli huweza kuwa na ukubwa uleule. Spika ndogo ya simu katika nyumba yenye kelele hufifisha sauti za mkwaruzo kama /s/ na /f/. Sauti ikichelewa, sifa ya mwalimu humfikia mtoto wakati amekwisha kushika kitu kingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini zaidi ya saa moja kwa siku, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Kipindi cha dakika 15 kinaheshimu mpaka huo na kinapunguza gharama ya intaneti.

4.0 Uga wa Maana wa Vichezeo katika Lugha Mbili

Vitabu na video nyingi huanza na orodha inayofanana: dubu wa kitambaa, treni, fumbo la vipande, roboti. Mtoto wa Mbagala au Makunduchi anaweza kuwa hajawahi kushika hata kimoja kati ya hivyo. Anapofundishwa jina la kitu asichokijua, anabebeshwa mizigo miwili: kitu kipya na jina jipya. Ilhali mtoto huyohuyo ana mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba kwa ajili ya chandimu, gari la waya, kishada cha karatasi na njiti, pia ya mti, gololi, tairi la kusukuma kwa fimbo, ngoma ya kopo na chombo cha kifuu cha kuelesha majini. Vitu hivyo vina majina mepesi ya Kiingereza. Kwa kuzingatia upatikanaji wake, makala hii inapendekeza maneno kumi: "ball", "doll", "car", "kite", "top", "marble", "drum", "rope", "boat" na "block".

Hata hivyo, maneno haya hayalingani moja kwa moja na ya Kiswahili. Aina nne za tofauti zinajitokeza.

Aina ya kwanza ni pale neno la Kiswahili linapokuwa pana kuliko la Kiingereza. "Mpira" ni kitu cha duara cha kuchezea, mchezo wenyewe wa kandanda, malighafi itokanayo na utomvu wa mti, na hata bomba la kumwagilia maji. Mtoto anayefundishwa kwamba "ball" ni "mpira" bila kuoneshwa kitu anaweza kuliita hivyo bomba la bustanini. "Ngoma" nayo ni chombo na pia ni uchezaji, ilhali "drum" haitaji uchezaji. "Gari" linajumuisha vyombo vingi vya magurudumu, na mtoto atarajiwe kuliita lori "car" kwa muda. Kosa hilo linaonesha kwamba mtoto anafikiri kwa kufuata mantiki ya lugha yake.

Aina ya pili ni kinyume chake. "Boat" huweza kujumuisha vyombo vidogo vya majini ambavyo mtoto wa pwani anavitenganisha: mtumbwi, ngalawa, dau, mashua. Mtoto wa Kilwa hatakubali kwa urahisi kwamba ngalawa na mashua vina jina moja. Mwalimu anayejua hilo atamwonesha vyombo viwili tofauti na kuvitaja kwa jina moja, badala ya kuonesha picha moja mara kumi.

Aina ya tatu ni maneno yaliyokwisha kuingia katika Kiswahili. "Boti" na "treni" ni mifano iliyo wazi. Mfano wa "doll" unahitaji uangalifu zaidi. Katika mazungumzo ya mitaani nchini Tanzania, "mdoli" na wingi wake "midoli" hutumika kwa mwanasesere, kwa wanyama wa kitambaa, hata kwa sanamu za kuvalishia nguo madukani, na wengine huita vichezeo vyote "midoli". Neno limekopwa na maana yake imepanuka. Mtoto atakayesikia "doll" atafurahi kulitambua, kisha atalitumia kwa dubu na sungura wa kitambaa. Kwa upande mwingine, dhana ya jumla inayobebwa na "toy" haina neno moja lililoenea katika Kiswahili cha kila siku: "kichezeo", "kitu cha kuchezea", "toi" na "mdoli" vyote husikika. Kwa hiyo, neno "toy" lisifundishwe mwanzoni. Lije baada ya mtoto kujua majina ya vitu vitano au sita ambavyo linavijumuisha.

Aina ya nne ni mgongano wa sauti. Matamshi ya Uingereza ya "car" yanakaribiana sana na neno "kaa", ambalo kwa Kiswahili ni amri ya kuketi, mnyama wa baharini na kipande cha moto. Mwalimu akisema "car" bila kuonesha kitu, mtoto mtiifu anaweza kuketi. Kwa kuwa Kiswahili kina irabu tano tu, "ball" na "bowl" humfikia mtoto kama neno moja, na ni vyema yasifundishwe siku moja. Silabi za Kiswahili kwa kawaida huishia na irabu, hivyo "ball" hutamkwa "bolu", "kite" hutamkwa "kaiti", na "block" hutamkwa "bloki". Matamshi hayo yasigeuzwe kosa la kukemewa. Mwalimu anajibu kwa kulitumia neno kwa usahihi katika sentensi na kuendelea na mchezo.

Sarufi nayo ina lake. Mtoto wa Kiswahili huusikia umoja na wingi mwanzoni mwa nomino: mpira na mipira, kishada na vishada. Katika Kiingereza wingi hujitokeza mwishoni, tena kwa sauti ya /s/ au /z/ ambayo spika ya simu huififisha. Si ajabu, basi, mtoto akiupuuza wingi huo, na inafaa uahirishwe. Kinyume chake, rangi hutoa nafuu. Kiswahili hudai upatanisho: mpira mwekundu, gari jekundu, pia nyekundu. Katika Kiingereza "red" haibadiliki. Kinachobaki ni mpangilio, kwani mtoto atasema "ball red" akifuata Kiswahili, na hilo litarekebishika kwa kusikia mara nyingi.

5.0 Muundo wa Kipindi Unaopendekezwa

Kutokana na maelezo yaliyotangulia, kipindi kinachofaa ni cha mwalimu mmoja na watoto wasiozidi wanne, kila mmoja akiwa na mlezi kando yake, kwa dakika 15, mara tatu kwa wiki. Maneno mapya yasizidi matatu, na yaanze kwa sauti zilizo mbalimbali. "Ball", "rope" na "drum" yanafaa kwa somo la kwanza.

Kabla ya kipindi, mlezi huweka vitu vitatu ndani ya beseni: mpira wa makaratasi, kamba, na kopo la kupiga kama ngoma. Simu huegemezwa mahali ambapo mikono ya mtoto inaonekana, maana mwalimu anahitaji kuona mikono kuliko uso. Kipindi huanza kwa Kiswahili. Mtoto humwamkia mwalimu "Shikamoo", naye huitikia "Marahaba". Kuanza kwa heshima aliyoizoea mtoto kunamtambulisha mwalimu kama mtu halisi, tofauti na mhusika wa katuni.

Hatua ya kwanza ni mtoto kuchagua kitu anachokitaka. Mwalimu hungoja mpaka mtoto akishike, ndipo akitaje. Mfano ufuatao ni wa kubuni, na umetolewa ili kufafanua utaratibu huo:

Mwalimu: Umeshika nini, mwanangu?
Mtoto: Mpira.
Mwalimu: Naam, mpira. Kwa Kiingereza, "ball". Give mama the ball.
Mama: Haya, nipe. Nipe "ball".
Mtoto: "Bolu"!
Mwalimu: Yes, the ball. Mama has the ball.

Katika mfano huo, mtoto hakuombwa arudie neno. Amelisikia mara kadhaa, amelitendea kazi, kisha akalitamka kwa hiari. Utaratibu huu unaafikiana na mbinu ya mwitikio wa mwili iliyoendelezwa na James Asher tangu miaka ya 1960, ambayo humtaka mwanafunzi aitikie amri kwa kitendo kabla ya kudaiwa kuzungumza.

Hatua ya pili ni kuchagua kati ya vitu viwili, kisha vitatu. Hatua ya tatu ni kuficha: mlezi hukifunika kitu kwa kanga na mwalimu huuliza "Where is the ball?" Mchezo wa kuficha humfanya mtoto alifikirie jina wakati kitu hakionekani. Hatua ya nne hufanyika baada ya simu kuzimwa. Mlezi hupewa kazi moja: kumwomba mtoto alete kitu hicho mara mbili kabla ya kulala na mara moja asubuhi. Katika familia yenye simu moja ambayo baba huondoka nayo alfajiri, hatua hii ndiyo sehemu kubwa ya somo, na haihitaji intaneti. Ujumbe mfupi wa sauti wenye maneno matatu humsaidia mlezi kukumbuka matamshi.

Nafasi ya mlezi inahitaji kusisitizwa. Wapo wazazi wanaojitenga na masomo ya Kiingereza kwa kuona haya kwamba wao wenyewe hawakijui. Kipindi kinachotumia Kiingereza kitupu huithibitisha haya hiyo. Mama huketi kimya, mtoto anamwona kuwa hana la kuchangia, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kumjibu papo hapo anaondoka katika somo. Katika muundo unaopendekezwa, mama ndiye aliyefunga mpira wa makaratasi, ndiye anayepokea, kuficha na kuuliza. Anayachukua maneno matatu pamoja na mwanawe, na Kiswahili chake kinakuwa daraja la kumfikisha mtoto kwenye maana.

6.0 Upimaji wa Matokeo

Kwa watafiti, swali la msingi ni lipi litahesabiwa kuwa ushahidi wa kujifunza. Makala hii inatofautisha viwango vinne. Kurudia ni mtoto kutamka neno mara tu baada ya kulisikia, na kiwango hiki hupima sikio na ulimi tu. Kutambua ni kuchagua kitu sahihi wakati wa kipindi. Kukumbuka ni kukichagua siku inayofuata bila kukumbushwa. Kuhamisha ni kulitumia neno kwa kitu cha aina hiyohiyo ambacho hakikutumika kufundishia, kwa mfano mpira wa plastiki wa rangi nyingine. Viwango viwili vya mwisho ndivyo vinavyostahili kuitwa matokeo ya somo.

Upimaji huo una masharti. Kwanza, kuwe na kipimo cha awali. Mtoto aliyekwisha kujua "boti" na "mdoli" huenda akazielewa "boat" na "doll" kabla ya kufundishwa, na bila kipimo hicho mkopo wa zamani utahesabiwa kuwa mafanikio ya mwalimu. Inafaa matokeo ya maneno yenye mkopo yatolewe mbali na yale yasiyo nao, kama vile "kite", "top" na "rope".

Pili, bahati ikadiriwe. Mtoto akiwekewa vitu vitatu mkekani na kubahatisha, ana nafasi moja kati ya tatu ya kupata. Akiulizwa mara mbili, nafasi zikiwa zimebadilishwa, uwezekano wa kupata mara zote mbili kwa kubahatisha ni mmoja kati ya tisa. Kwa maneno kumi, mtoto asiyejua lolote anaweza kuonekana amejua neno moja hivi. Tatu, miongoni mwa vitu kiwepo kimoja ambacho jina lake halikufundishwa, ili mtoto asipate jibu kwa kuondoa anavyovijua.

Nne, mlezi aketi nyuma ya mtoto na asivitazame vitu. Mtoto husoma macho ya mama yake kwa wepesi, na jibu linaloonekana kuwa la mtoto laweza kuwa la mama. Tano, upimaji ufanyike kwa vitu halisi na skrini ikiwa imezimwa, kwa kuwa lengo la somo ni neno litumike katika maisha ya mtoto. Pamoja na hayo, kurekodi kipindi kunaonesha undani wa nyumba ya mtu. Mtafiti nchini Tanzania anawajibika kupata ridhaa ya mzazi na kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba ugumu wa kufundisha majina ya vichezeo mtandaoni hautokani na wingi wala urefu wa maneno. Unatokana na umbali uliopo kati ya jina linalosikika kwenye simu na kitu kilichopo mkekani. Umbali huo hupunguzwa na kichezeo ambacho mtoto anacho, mlezi anayejibu, mwalimu anayengoja, na matumizi ya Kiswahili pale yanapoondoa utata. Uchambuzi wa maneno kumi umeonesha pia kwamba mwalimu asiyekijua Kiswahili cha mtoto hawezi kutabiri makosa yake, na anaweza kuyachukulia kama uzembe.

Inapendekezwa kwamba tafiti zijazo zilinganishe vipindi vinavyotumia vichezeo vya nyumbani na vile vinavyotumia picha pekee, kwa maneno yaleyale na muda uleule, na kupima kukumbuka na kuhamisha baada ya siku moja na baada ya wiki moja. Vilevile, inafaa ulinganisho huo ufanywe kati ya watoto wa pwani na wa bara, kwa kuwa vichezeo na majina yake havifanani. Kwa walimu na wazazi, pendekezo ni jepesi zaidi: kabla ya kuwasha simu, mpira uwe tayari mkononi mwa mtoto.